Utenzi, shairi la tarbia au shairi huru: anayeanza kutunga achague bahari ipi?

Mtu akiwa na jambo zito moyoni na akaamua kulitunga kwa Kiswahili, swali la kwanza linalomkabili si la maneno bali la bahari, yaani umbo la shairi. Alitie jambo lake katika utenzi, katika tarbia, yaani shairi la arudhi (lifuatalo kanuni za vina na mizani) lenye mishororo minne kila ubeti, au katika shairi huru lisilofungwa na vina wala mizani? Wengi hulijibu swali hili kwa mazoea tu. Aliyekulia kwenye mashairi ya magazetini hutunga tarbia kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Aliyepitia chuo kikuu hushika shairi huru kwa sababu ameambiwa kwamba ndilo la kisasa. Na utenzi huachiwa wazee wa Lamu na Pate, kana kwamba kazi yake ilikwisha pamoja na majahazi yao. Uchaguzi wa namna hiyo umewapotezea miaka watunzi wengi wenye kipaji. Ndiyo maana nimeona niziweke bahari hizi tatu sambamba, nizipime kwa watu waliozitumia na kwa kazi zilizofanya, kisha niseme waziwazi ni ipi ningemshauri nani.

Ili ulinganisho usielee hewani, nitachukua jambo moja na kulitia katika bahari zote tatu. Jambo lenyewe ni hili: mama anaamka usiku kupika vitumbua vya kuuza, na kwa mauzo hayo watoto wake wanasoma. Ni jambo ambalo nusu ya wasomaji wangu wameliona nyumbani kwao au nyumba ya jirani, na kwa hiyo hakuna atakayedanganywa na ugeni wa habari. Kitakachoonekana ni umbo pekee.

Tuanze na utenzi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kwa kawaida kina mizani minane, yaani silabi nane. Vipande vitatu vya kwanza hushirikiana kina kimoja, ambacho hubadilika kila ubeti, na kipande cha nne kina kina chake ambacho hakibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho wa utenzi mzima. Mama wetu akiingia humo, habari yake huanza hivi:

Mama aketi mekoni,
na chuma chake motoni,
moshi watanda machoni,
jogoo bado kulia.

Ubeti huu haukusema lolote kuhusu heshima ya kazi wala thamani ya elimu. Umesimulia tu. Umemkalisha mama mahali pake, ukatia chuma motoni, ukaonyesha saa kwa jogoo, na sasa msomaji anangojea ubeti wa pili ili ajue nini kilifuata. Hiyo ndiyo nguvu ya kwanza ya utenzi: unakwenda. Kipande cha nne hakifungi mlango. Kinamkabidhi msikilizaji kwa ubeti unaokuja, na kile kina kisichobadilika kinamjulisha kwamba bado tumo katika safari ileile. Kwa sababu hiyo utenzi umebeba habari ndefu kuliko bahari nyingine yoyote ya Kiswahili. Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100 zinazosimulia vita vya Waislamu na mfalme Herekali wa Warumi. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga aliposhuhudia Wajerumani wakiitwaa pwani ya Mrima na Abushiri akipambana nao mwaka 1888 na 1889, aliyaandika yote kwa utenzi. Na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akafanya vivyo hivyo kwa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwanahistoria anayetaka kujua jinsi watu wa pwani walivyoyaona mambo hayo kwa macho yao wenyewe, na si kwa macho ya afisa wa kikoloni, hulazimika kurudi kwenye tenzi hizo.

Hata hivyo si vita vilivyoupa utenzi mahali pake moyoni mwangu. Ni sauti ya mama mmoja mgonjwa. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga wasia kwa binti yake Mwana Hashima mwaka 1858, akiwa amelala na maradhi ambayo anasema yalikuwa yametimiza mwaka. Anamwita mwanawe kwa maneno haya:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi,
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia.

Ndoo ni njoo, mbee ni mbele, na kujilisi ni kuketi. Hesabu mizani kwa vidole, kama wafanyavyo watunzi hadi leo, nawe utapata minane katika kila kipande bila kulazimisha. Lakini sikiliza pia vina: si, si, kisha thi. Mtunzi wa leo aliyekariri kanuni angeliona kosa hapo. Mwana Kupona hakuliona, kwa sababu alikuwa akitunga kwa sikio, na sauti hizo mbili zinakaribiana vya kutosha kwa mtu anayeghaniwa; na zaidi ya hayo, neno hadithi ndilo alilolihitaji, wala hakuwa tayari kulibadilisha na jingine lisilo na uzito huo. Ubeti huu mmoja unafundisha zaidi ya kurasa nyingi za kanuni. Kila neno ni la nyumbani, hakuna tamathali hata moja, na bado mtu akiusoma anamwona binti akisogea karibu na kitanda cha mama yake, wino mkononi. Miaka mingi baadaye Shaaban Robert alifuata njia hiyohiyo alipomtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Haikuwa ajali kwamba naye, aliyeyamudu mashairi ya kila namna, alipotaka kusema na watoto wake alichukua utenzi.

Udhaifu wa utenzi ni kwamba humvumilia mtunzi mvivu. Kipande cha mizani minane hujazwa upesi kwa maneno kama «nawambia sikizani» au «haya ninayonena», na beti kumi zinaweza kupita pasipo jambo lolote kutokea. Tena kina cha kipande cha nne kinahitaji kupimwa kabla ya kuanza. Watunzi wa zamani walipenda kina kinachoishia kwa -a, na hasa -ia, kwa sababu vitenzi vya Kiswahili, hasa vya kauli ya kutendea, hutoa vina vya namna hiyo pasipo kikomo: kukwambia, kusikia, kuzingatia, kuusia. Anayechagua kina adimu kwa kutaka kuonyesha ufundi hujikuta amekwama kabla ya kufika ubeti wa arobaini, na hapo huanza kuipinda habari ili ifuate kina. Na jambo la mwisho: utenzi haujui kubishana. Unaweza kusimulia ugomvi, lakini hauwezi kuupigana.

Kazi hiyo ya kupigana ni ya shairi. Tarbia, ambayo ndiyo maarufu kuliko nyingine zote na ambayo watu wengi wakisema «shairi» huwa wanaikusudia, ina mishororo minne kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16 iliyogawanywa nusu kwa nusu, minane katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na minane katika utao, nusu ya pili, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Mshororo wa nne ni kituo, na mara nyingi hurudiwa katika kila ubeti kama kibwagizo. Mama wetu akiingia humu, mara moja panatokea watu wa kujibiwa:

Acheni wenu ubishi, enyi wenye kulaumu,
mama hakuwa na keshi, wala kazi ya kudumu,
ila kwa yake mapishi, ada yetu ikatimu,
moshi wa mama si moshi, ndio wino wa kalamu.

Tazama kilichotokea. Katika utenzi tulimwona mama. Katika tarbia tunamtetea. Sikupanga iwe hivyo kabla ya kutunga. Umbo lenyewe lilidai. Mshororo mrefu uliokatwa katikati unaita kauli na jibu lake, sababu na matokeo yake, na kituo kinataka hukumu ambayo msikilizaji ataondoka nayo. Mtu hawezi kufika kwenye mshororo wa nne akiwa hana msimamo. Ndiyo maana shairi limekuwa silaha ya malumbano tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Mji wake ulikuwa chini ya ukoo wa Mazrui, waliokuwa wakivutana na Lamu na pia na Sayyid Said wa Omani hadi waliposhindwa mwaka 1837, na Muyaka aliwatetea watu wake kwa mashairi huku Zahidi Mngumi wa Lamu akimjibu kwa mashairi vilevile. Wala hakuishia kwenye siasa. Alitunga juu ya mapenzi, juu ya njaa, juu ya rafiki asiyelipa wema, kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, iliyosemwa barazani na sokoni. Kabla yake, sehemu kubwa ya ushairi uliohifadhiwa kwa maandishi ilikuwa ya dini. Kwake yeye tunaona jinsi umbo hili lilivyomeza maisha yote ya mji.

Ninaliheshimu shairi kwa jambo jingine pia, nalo ni jinsi lilivyosafiri. Lilipata makao mapya katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923, ambako watunzi wa miji mbalimbali waliulizana mafumbo na kujibizana toleo baada ya toleo. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, Mkristo, mtu aliyezaliwa mbali kabisa na harufu ya bahari, akawa mmoja wa malenga wakubwa wa Tanganyika. Na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 akalichukua shairi la malumbano na kulifanya ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana jukwaani ambayo wahusika wake huanza kwa kutofautiana na kumalizia kwa kukubaliana. Kila Mtanzania aliyesoma shule ya msingi katika miaka iliyofuata anakumbuka kusimama gwaridani na kughani ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na kisha waziri, ndiye aliyeziandika kanuni za utungaji katika kitabu chake cha 1954, na kitabu hicho ndicho kilichowawezesha watu wa bara kujifunza ufundi ambao hapo awali ulirithishwa barazani.

Lakini kanuni hizo zina gharama, na anayechagua shairi aijue mapema. Kupata vina viwili kwa mishororo minne, katika kila ubeti, huku mizani ikitimia, ni kazi inayoweza kumeza fikra yote ya mtunzi. Dalili yake ni rahisi kuitambua: mshororo wa kwanza ni mzuri, kituo ni kizuri, na miwili ya katikati imewekwa ili kujaza nafasi. Wengine hukimbilia ruhusa za watunzi kupita kiasi, wakikata maneno kwa inkisari, wakiyarefusha kwa mazida na kuyabadilisha sauti kwa tabdila, hata msomaji asijue tena anasoma lugha gani. Ruhusa hizo zipo na ni halali, Muyaka alizitumia. Ila alizitumia kama chumvi, na mtu hali chumvi tupu.

Shairi huru lilikuja kama jibu kwa uchovu huo, na lilikuja na watu waliojua walichokuwa wakikifanya. Ebrahim Hussein alikuwa ametunga Ngoma na Vailini mwishoni mwa miaka ya 1960. Kisha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, akatoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, akitetea ushairi unaotumia lugha ya kawaida ambayo watu huzungumza. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakafuata na Malenga wa Bara mwaka 1976, humo wakichanganya mashairi ya arudhi na yasiyo ya arudhi. Mzozo uliozuka ulikuwa mkali. Watetezi wa arudhi walisema kwamba kisicho na vina na mizani si shairi bali ni guni, neno la kale la shairi lenye kasoro. Wanamapinduzi wakajibu kwamba vina ni desturi ya mahali na wakati fulani, wala si uti wa mgongo wa ushairi. Naliona neno guni kuwa halikutumika kwa haki hapo. Guni ni shairi lililokusudia kufuata kanuni likashindwa. Shairi huru halikukusudia, na jambo haliwezi kuhukumiwa kwa ahadi ambayo halikuitoa.

Mama wetu akiingia katika shairi huru, mekoni hapaonekani tena:

Moshi
umelala katika shati la shule.
Nakohoa
jina la mama.

Sasa aliye katikati ni mtoto. Hakuna masimulizi ya alfajiri, hakuna watu wa kujibiwa. Kuna mwili unaokumbuka. Mistari inakatika mahali ambapo pumzi inakatika, na neno «Nakohoa» limeachwa peke yake ili msomaji aisikie kifuani. Jambo hilo tarbia isingeliweza, kwa sababu ingelazimika kulijazia kikohozi mizani minane. Hapo ndipo shairi huru linapostahili kuchaguliwa: pale ambapo jambo halina mwanzo na mwisho wa kusimuliwa wala upande wa kutetewa, bali ni taswira moja, au mashaka, au maumivu ambayo mtunzi mwenyewe bado hajayapatia jina.

Kasoro yake ni kwamba halimwambii mtunzi alipokosea. Katika tarbia mizani ikipungua, kidole kinabaki, na hata mtoto anayesikiliza anajua kwamba kuna kitu kimeanguka. Katika shairi huru kila kitu kinaweza kutetewa. Nimesoma mamia ya mashairi ya namna hii ambayo ni insha zilizokatwakatwa, sentensi ya kawaida iliyoshushwa mistari mitano, na waandishi wake wakiulizwa kwa nini mstari umekatika hapa na si pale hawana jibu. Kezilahabi alikuwa na jibu kwa kila mstari.

Pengine ulinganisho ulio bora kuliko wote tumeandaliwa na magereza ya Kenya. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa waraka wake wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi? Humo gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za msalani, na yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ni mashairi ya arudhi kwa Kimvita, yenye vina na mizani iliyotimia. Mojawapo, Mnazi: Vuta N'kuvute, ni majibizano ya ndugu wawili wanaogombania mnazi, na kila mmoja anapewa hoja zake kwa ukamilifu hata msomaji akaielewa nchi nzima kupitia mti mmoja. Alamin Mazrui, naye wa Mombasa, alizuiliwa bila kushtakiwa katika miaka ya mwanzo ya 1980, na diwani yake ya Chembe cha Moyo ya mwaka 1988 kwa sehemu kubwa ni ya mashairi huru. Mji mmoja, lahaja moja, dhuluma ya aina moja, na bahari mbili tofauti.

Nikizisoma diwani hizi kwa pamoja naona tofauti iliyo wazi. Abdilatif anasema na aliyemfunga: anahoji, anaapa kwamba hatageuka, anamtega mkubwa kwa fumbo. Naamini pia kwamba umbo lilimlinda, kwa sababu beti zenye vina na mizani hukaa kichwani hata karatasi ikichukuliwa, na mtu aliye peke yake katika chumba cha gereza anahitaji kitu ambacho askari hawezi kukipekua. Mazrui anasema zaidi na nafsi yake na wale awapendao. Mstari wake mfupi unafanana na pumzi ya mtu anayeshindwa kulala. Sithubutu kusema kwamba mmoja alichagua vizuri kumpita mwenzake. Kila mmoja alichukua bahari iliyolingana na yule aliyekuwa akisema naye, na hilo ndilo jambo la pekee ninalolitaka kwa anayeanza: kabla hujauliza utatumia vina gani, jiulize unasema na nani.

Ukiwa unasema na mtu mmoja umpendaye na una mengi ya kumhadithia, au unasema na vizazi vijavyo, chukua utenzi. Ukiwa unasema na mpinzani, au na halaiki iliyokaa mbele yako harusini, mkutanoni au redioni, chukua shairi. Watu watakishika kituo na kukiitikia ubeti wa tatu tu. Ukiwa unasema na nafsi yako na umekubali kusikilizwa na wachache wanaosoma kimya, shairi huru litakufaa. Wala usidhani kwamba mipaka hii ni kuta. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa shairi la arudhi, na kilio hicho hakikupungua uchungu kwa kuwa kilipimwa; Abdilatif Abdalla mwenyewe, kabla ya Sauti ya Dhiki kutoka, alikuwa amekwisha chapisha utenzi juu ya maisha ya Adamu na Hawaa. Inkishafi, shairi kuu la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya magofu ya Pate, lina beti zinazofanana na za utenzi kwa mpango wa vina lakini vipande vyake ni vya mizani kumi, na linatafakari zaidi kuliko linavyosimulia. Nyimbo za taarabu nazo zina utaratibu wake, nyingi zikiwa za mishororo mitatu kwa ubeti, lakini hizo zinahitaji mwimbaji na ala, na anayezitaka aanze kwa kukaa na kikundi.

Kuhusu mpangilio wa kujifunza sina shaka yoyote: anza na utenzi, hata kama nia yako ya mwisho ni shairi huru. Mshororo wa tarbia si kitu kingine ila vipande viwili vya mizani minane vilivyounganishwa, na kwa hiyo aliyezoea kupima minane hadi sikio likaacha kuhitaji vidole amekwisha fika nusu ya njia. Utenzi unakudai kina kimoja tu kwa ubeti na kile cha kudumu. Tarbia inakudai viwili vinavyokwenda pamoja. Zaidi ya hayo, utenzi unakulazimisha uwe na jambo la kusema katika ubeti unaofuata, na hakuna zoezi linalomkomaza mtunzi kama hilo. Tunga beti 30 juu ya siku moja ya maisha yako, toka ulipoamka hadi ulipolala, kisha uzisome kwa sauti mbele ya mtu. Atakapoanza kutazama pembeni, hapo ndipo uliweka maneno ya kujaza.

Lugha ya kutungia iwe ile unayoiota. Nimewaona vijana wa Dodoma na Kisumu wakipachika ndoo na mbee na maneno mengine ya Kiamu, lahaja ya Lamu, katika tenzi zao ili zionekane za kale, na matokeo yake ni kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima isiyomfika miguuni. Mwana Kupona hakutumia Kiamu kwa mapambo. Ndicho alichozungumza na mwanawe. Mnyampala alitunga kwa Kiswahili cha watu wa bara wa wakati wake, na haikumzuia kuitwa malenga.

Na kwa yule anayetaka kuandika habari za ukoo, ambaye ndiye hasa niliyemfikiria nilipoanza, yaani mjukuu mwenye bibi wa miaka 80 na simu ya kurekodia, ushauri wangu ni huu. Mrekodi bibi kwanza, bila kumkatiza. Kisha yatie maneno yake katika utenzi, ukiyaacha mengi kadiri iwezekanavyo kama alivyoyasema, maana Kiswahili cha wazee huangukia mizani minane mara nyingi kuliko unavyodhani. Chagua kina cha -ia kwa kipande cha nne, upumzike. Taja majina ya watu, vijiji, mito na vyombo vya kazi, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayopotea mapema. Ukifika mwisho, fanya kama alivyofanya Mwana Kupona, ambaye katika beti zake za mwisho aliutaja mwaka wa kutunga na idadi ya beti, 102, ili atakayeunakili wasia baada yake ajue kama ameuandika wote au ameacha ubeti njiani.